Siku ya Tisini na Moja

Wataalamu wakija na madaftari yao
huanza na bluu.
Mlango wa bluu, wanasema, ni mbingu iliyofungwa,
ni msiba, ni Naili yenyewe imesimamishwa wima.
Mimi niliyeosha brashi zake miaka kumi na moja
hunyamaza, nikawaongezea chai.

Zefaniya Mugoya hakuanza na ndoto.
Alianza na herufi: vibao vya maduka, mjini Jinja,
shilingi mbili kwa neno, nukta bure.
RAICHURA NA WANAWE, VITAMBAA NA VIFUNGO:
aliyaandika hayo mara tatu, kila mvua ilipoyalamba,
na mzee Raichura alimlipa nusu fedha, nusu kachori.

Kisha redio ikatamka siku tisini.
Watu wakazihesabu kama wahesabuvyo mimba ya jirani,
kwa vidole, kwa minong'ono.
Siku ya themanini na tatu mama Hansa alimpa ufunguo.
"Unitazamie cherehani zangu," alisema.
Hakusema zitunze. Zitazame tu.

Siku ya tisini na moja aliitwa kufuta majina.
Ngazi ileile, brashi ileile.
Akapaka chokaa juu ya herufi alizozizaa mwenyewe,
na ile R, kila chokaa ilipokauka,
ilijitokeza tena
kama mtoto anayechungulia wageni.

Usiku ule, nyumbani Walukuba, alitandaza gunia la sukari
(sukari yenyewe ilikwisha kutoroka, ikaacha harufu)
akachora alichokosa namna ya kukiandika:

cherehani kumi na nne zenye kwato
zinavuka daraja la bwawa, usiku, bila mchungaji;
duka limeng'olewa meno;
jora la gomesi linatiririka kutoka mlangoni
na samaki wanaogelea kati ya maua yake;
foleni ya watu, kila mmoja
ana tundu la ufunguo katikati ya paji la uso,
na mbele kabisa mizani inapima kimya:
ratili moja na nusu.

Walikuja, ndiyo. Watatu, na Kiswahili chao cha kambini,
lugha hiihii ninayowaandikia,
iliyoingia mtaani kwetu imevaa buti,
nami nimetumia nusu ya umri wangu kuivua.
"Hii nini?"
"Ndoto, afande."
"Ya nani?"
"Sijui. Niliiokota barabarani."
Mdogo wao aliinama, akamgusa mwanamke wa nne kwenye foleni.
"Huyu anasimama kama mama," alisema,
na wenzake wakatazama dari.
Waliondoka na birika letu
na viatu vyake vya Jumapili.

Miaka ikapita juu ya gunia lile. Panya walikula kona moja;
aliichora upya, akamtia panya ndani.

Mwaka wa tisini na nne mama Hansa alirudi,
amepungua kimo, amevaa sweta katika jua la Jinja.
Ufunguo ulikuwapo kwenye msumari wake.
Mlango ndio haukuwapo.
Alisimama mbele ya gunia hadi chai ikapoa.
Nilingoja alie. Nadhani hata Zefaniya alingoja.

"Mlango wangu ulikuwa wa kijani," alisema.
"Najua, mama. Kijani kiliisha.
Bluu ndiyo iliyobaki koponi."

Wakacheka mpaka ikabidi ashike ukuta,
bibi yule, na ukuta ukamwachia chokaa mkononi.
Akaitazama chokaa. Akajifuta kwenye sweta, taratibu.

"Na cherehani zangu zilikuwa kumi na mbili."

Zefaniya aliweka kikombe chini.
"Zilizaa njiani," alisema.
"Uliniambia nizitazame."