Mahali pa Mkungu

Mimi ndiye niliyepanga matofali ya bustani ile
kati ya Barabara ya Tisa na ya Kumi, Ngamiani.
Jina langu halimo kwenye kibao.
Kwenye kibao limo jina la mradi, la mfadhili, la mkandarasi,
na tarehe ya kukamilika, ambayo ilipita
tukiwa bado tunasubiri kokoto kutoka Pongwe.

Ramani aliishika Mhandisi Shekiondo.
Ilikuwa nzuri, sisemi uongo:
njia mbili zinakatana kama mbao za dirisha,
mabenchi manane, taa sita za jua,
bomba la maji pembeni,
na ukoka kila palipobaki.
Nikavuta uzi, nikaweka pimamaji,
nikagonga tofali kwa nyundo ya mpira,
toh, toh,
mpaka likatulia kama jino kwenye ufizi.

Lakini kila asubuhi uzi wangu naukuta umelala chini.

Waliopita walipita mshazari,
toka lango la soko hadi pembe ya zahanati,
njia yao ya tangu na tangu, nyembamba,
ngumu kama kisigino.
Alama za kandambili.
Mstari wa tairi la baiskeli ya Mwantumu wa maziwa,
anayeikokota kwa mkono madumu yakijaa.
Vidole vya mtoto, vyote vitano,
vimezama kwenye ukoka nilioumwagilia jana.

Mhandisi akafunga kamba ya manjano.
Wakaivuka.
Akaweka miba.
Wakaisogeza kwa adabu, wakapita,
wakairudisha nyuma yao.
Akasimika kibao: MARUFUKU KUKANYAGA NYASI.
Mwantumu akaegemeza baiskeli kwenye kibao,
akapumzika.

Mchana mmoja, wakati wa kula,
nikaifuata njia ile kwa macho,
nikaona jambo ambalo kwenye ramani halimo:
inakwenda moja kwa moja, halafu katikati
inapinda kushoto, hatua nne,
kisha inarudi kwenye mstari wake.
Hapana jiwe. Hapana shimo.
Ardhi pale ni tambarare kama sinia.

Nikamuuliza Mwantumu, "Mnakwepa nini?"
Akanitazama kama niliyemuuliza jina la mama yake.
"Si ule mkungu."
"Mkungu upi?"
Akageuka. Akapatazama pale peupe kwa muda.
"Waliukata," akasema. "Mwaka ule wa nguzo za umeme.
Mwanangu wa kwanza hajaota meno.
Sasa ana bodaboda Muheza."

Siku ile nilihesabu miguu hadi alasiri.
Watoto wa shule, ambao mkungu hawakuuona,
hawakuokota kungu zake wala kupasua kokwa kwa jiwe,
walifika pale wakapinda.
Hata mhandisi, simu sikioni, akigombana na mtu wa saruji,
alikatiza mbio mbio,
akapinda.

Kazi ilipokwisha, matofali yalibaki.
Kwenye hesabu yaliandikwa "yamevunjika":
mia mbili na kumi na saba, mazima,
nimeyahesabu mwenyewe.
Jumamosi jioni nikamwita Kibwana na toroli lake.
Hatukuvuta uzi.
Tulipanga kwa kufuata nyayo, mshazari, toh, toh,
na penye mkungu tukapinda hatua nne.

Hayakutosha.
Yaliishia hatua kumi na moja kabla ya zahanati.

Jumatatu Shekiondo akaja, akasimama juu yake.
Akapima kwa kiatu.
"Hapa mbona umepindisha? Huna macho?"
Nikasema, "Pana mti, bosi."
Akatazama. Akatazama ramani.
Akachomoa kalamu mfukoni,
akachora kiduara kidogo.

Zile hatua kumi na moja hadi leo ni udongo.
Masika yakishika, wagonjwa wanafika na tope miguuni,
na nesi Mwanakheri, ufagio mkononi,
ananilaumu mimi,
mimi ambaye kwenye kibao jina langu halimo.
Nani kamwambia?