Mizani ya Shaba

Mama hupiga simu saa nane mchana, akimaliza kuswali,
na swali ni lile lile: Umepika nini leo, Ghaniya?
Kwake kila kinachowekwa motoni kikakorogwa ni chakula.
Nimepika shaba, Mama.
Hucheka. Shaba! Na nazi umetia?

Sikutia nazi. Nilitia ethanoli, mililita ishirini,
na unga wa njano tuliouzaa wenyewe wiki iliyopita
kwa kuozesha aldehaidi kwa amini,
harusi ya kimya, mahari yake tone la maji.
Kisha chumvi ya shaba, buluu kama mlango uliopakwa rangi jana,
ikadondoka, ikadondoka,
hadi chupa nzima ikawa kijani cha kisamvu kilichoiva.

Sohar mwezi wa Agosti haina huruma.
Kiyoyozi cha maabara kinakohoa.
Dk. Thuwaiba kabandika onyo kwa Kiarabu,
na chini yake, kwa ajili ya nafsi yangu tu, nikaandika:
USIGUSE. USITIKISE. FUWELE INALALA.
Siku kumi na saba, mdomo wa chupa umefunikwa karatasi ya fedha
yenye matundu matatu ya sindano.
Haraka haraka haina baraka; hapa haraka huzaa unga,
na unga haumwambii mtu siri yake.

Juu huko, njia ya Wadi Jizzi,
kuna vilima vyeusi vya mavi ya shaba
walivyoacha watu wa kalibu, hata majina yao hatuna.
Baba alinipeleka nina miaka tisa.
Niliokota jiwe la kijani, nikalilamba alipogeuka.
Ladha ile ninayo mpaka leo:
kama funguo.

Siku ya kumi na nane Shibu, fundi wa mashine ya eksirei,
alichagua moja kwa ncha ya sindano, pumzi ameibana,
akaigandisha kwa baridi ya nitrojeni,
na usiku kucha ikapigwa miali, ikageuzwa, ikapigwa.
Alfajiri kioo kikatuonyesha:

Katikati ndipo shaba, mikono yaizunguka,
Pande nne, kila roba, pembe tisini hufika,
Safu kwa safu yashiba, hakuna iliyovuka,
Sikuipanga kwa kamba, yenyewe imejiweka.

Beti moja tu. Shibu akapiga picha ya kioo kwa simu
akamtumia mkewe Kerala, aliyejibu kwa kidole gumba.

Lakini bakteria hawasomi mashairi.
Ili dawa ijaribiwe, fuwele lazima iyeyuke,
vina vyote vivunjwe, kila molekuli ishike njia yake.
Nikachovya vidonge vya karatasi, nikavilaza juu ya agari
iliyopandwa wadudu wa kidonda,
wale wale wanaokaa kwenye kisigino cha Mama,
ambao nesi wa Suwaiq huwaosha kila Jumatatu na Alhamisi
na kila Jumatatu na Alhamisi huwakuta.

Asubuhi nikapima duara tupu kwa rula.
Unga wa njano peke yake: sufuri.
Chumvi ya shaba peke yake: milimita saba.
Walipooana: kumi na moja.
Dawa ya dukani: ishirini na nne.
Nikaandika zote, na ile ya mwisho pia,
ingawa kalamu ilijifanya imekwisha wino.

Saa nane simu ikalia.
Umepika nini leo?
Leo nimeonja, Mama.
Kimeiva?
Bado.
Bado ya kesho, au bado ya kuninyamazisha?
Nikatazama sahani, kile kimwezi chembamba
ambamo hakikuota kitu.
Bado ya miaka, nikasema.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kikombe kikiwekwa.
Basi ukija Ijumaa, akasema,
lichukue hili dele langu likatiwe bati.
Kahawa siku hizi ina ladha,
sijui niiite nini,
kama funguo.