Karani wa Mizani Ajifunza Kulehemu

Sanduku lilikuwa la biri. Mgeni aliyeshuka Mlimani
akichechemea kama mbuzi wa mnada
aliliacha chini ya kitanda cha hoteli,
na binti yangu Ndeanka, mtandika vitanda,
akaniletea: "Baba, wekea risiti zako."
Nikalinusa. Tumbaku, na mwerezi kwa mbali.
Nikaligonga kwa ukucha.
Likaitika.

Basi. Sikuanza kijana.
Miaka thelathini na mmoja niliita kilo kiwandani,
gunia baada ya gunia la kahawa:
sitini. Sitini na nusu. Toa nusu.
Mizani niliyoijua ni ile ya chuma,
ya shairi sikuulizwa, ya muziki ndiyo kabisa.

Shingo ni baki la mgrivea, nimepewa bure
na Kisanga, fundi majeneza wa Majengo.
"Hiki kilikuwa kifupi kwa marehemu," alisema,
akacheka peke yake.
Nikapiga randa mpaka viganja vikatoka maji.
Nyuzi nimezifumua kwenye waya wa breki ya baiskeli,
tatu tu, maana sanduku lenyewe dogo
na mimi mwenyewe mgeni.
Vituo vya vidole nilivipima kwa rula ya shule.
Cha saba nilikikosea: hadi leo kinaimba
pembeni ya wenzake,
kama mwanakwaya aliyeingia ibada imeshaanza.

Lakini ampli ndiyo iliyonivua nguo.

Aikande ana kibanda cha simu Kiboriloni,
rika moja na kitindamimba wangu,
huzungumza bisibisi ikiwa mdomoni.
Akanihesabia mkononi mdudu mweusi wa miguu minane.
"Ona kidoa hiki. Hapa ndipo mguu wa kwanza.
Ukimgeuza, anakufa."
Nilimgeuza. Akafa.
Uzi wa moshi, harufu ya nywele kwenye jiko.
Wa pili nilimuua kwa haraka zangu.
Wa tatu alinikopesha, akaandika daftarini
jina langu, chini ya wadaiwa wa chaja.

"Pasha waya, baba, usipashe risasi," akasema.
"Waya ukiiva, risasi itajua yenyewe pa kwenda."
Nikajaribu. Ikajikunja kuwa kinyesi cha panya.
Nikajaribu. Nikaunguza kidole cha shahada.
Nikajaribu, na safari hii ikatandaa,
ikang'aa kama jicho la samaki,
nami nikaita nyumba nzima ije kuona
tone moja.

Usiku ule umeme ulikatika Pasua yote.
Haukunihusu: nina betri ya volti tisa,
spika ya redio iliyokufa, kopo la biskuti.
Nikawasha. Ikanguruma
kama inzi aliyefungiwa ndani ya chupa.
Halafu, sijagusa uzi hata mmoja,
sauti ya mtu ikatoka mle koponi, ya puani, ya mbali,
ikisoma bei ya kahawa mnadani.

Mke wangu alishika mlango kwa mikono miwili.
"Umestaafu," akasema, "na bado wanakufuata!"

Aikande alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.
Waya wangu ulikuwa uchi, ukidaka kila kipitacho hewani.
"Uvalishe. Tandika karatasi ya fedha ndani ya sanduku,
ile ya pakiti za sigara, uiunge na ardhi."
Nikaokota pakiti mlangoni pa baa siku nne,
shemasi mzima, nimeinama,
watu wakinipita bila kunisalimu.

Sasa sanduku linang'aa tumboni kama sufuria mpya.
Redio imenyamaza. Iliyobaki ni mimi:
kidole, waya wa breki, mti uliomkosa marehemu.
Nakaza kigingi, nasikiliza.
Sitini.
Sitini na nusu.
Toa nusu.

Mbwa wa jirani hanizoei.
Na Aikande ananidai wadudu watatu.