Kadi Ilijaa

Sinema ya kwanza ya dada yangu ina dakika nne
na ndani yake hamna mtu. Mna mguu.
Mguu wa baba juu ya pedeli ya cherehani,
Kikwajuni, chumba cha mbele, saa tano asubuhi,
kandambili imechomoka kisigino,
ukucha wa dole gumba mweusi
tangu ulipoangukiwa na pasi ya mkaa, sisi bado kuzaliwa.
Kitambaa cheupe kinateremka magotini, kinapanda, kinateremka.

Kamera ilitoka Marsei, kwa binamu Mchangama,
kioo kina ufa.
Kipaza sauti nilikishika mimi, miaka kumi na moja,
kimefungwa mpini wa ufagio kwa mpira wa baskeli.
"Usipumue, Msaidie," Echati aliniambia.
Nilijitahidi. Ukisikiliza vizuri, dakika ya tatu,
mtu anavuta pumzi kama aliyeibuka kisimani.

Ya pili ni ya Koko.
Koko alikataa uso:
"Uso wangu ulishapigwa picha mara moja,
picha ya serikali, siku walipotwambia Wangazija
tukajiandikishe kuwa ni watu wa hapa.
Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka bombani.
Nikapanga foleni kutwa, mtoto mgongoni,
kulithibitisha bomba."
Basi Echati akachukua mikono.
Mikono inafungua mkebe wa biskuti,
inatoa karatasi, inainyoosha pajani,
karatasi yenye mikunjo minne na tundu
pale mikunjo inapokutana.
Tundu limekula jina la baba yake babu,
limemwachia "bin" tupu.

Tulikuwa tukimwamkia, "Kwezi, Koko,"
naye hujibu, "Mbona."
Watoto wa mtaani walicheka mpaka wakakaa chini:
bibi yenu mnamwamkia, naye anakuulizeni sababu!
Ni jibu tu, la kwao. La kwetu.
Echati aliandika tafsiri chini ya picha, neno kwa neno,
alipofika hapo akapaacha patupu.

Ya tatu haikukusudiwa.
Alisahau kuizima kamera jikoni,
simu imeegemezwa kwenye mbuzi ya nazi,
mama anazungumza na mama mdogo Zaliha, Marsei.
Sauti inachelewa njiani.
Mama anatia mzaha, kimya,
anaingia habari ya msiba wa Malindi,
ndipo kicheko cha Zaliha kinapowasili,
kikubwa, kinamwagika juu ya maiti.
Kisha wote wawili wananyamaza.
Wali ukaungua. Hauonekani, ila mama anakohoa,
na ukutani kipo kivuli cha mtoto na ufagio
anayelinda kitu asichokijua.

Siku hizi Echati ana watu wa kumshikia vipaza sauti,
watu waliosomea kutopumua.
Mwaka jana walimwonyesha Ngome Kongwe,
umati ukasimama, nami nikapiga makofi
mpaka viganja vikawasha.
Nzuri, sikatai.
Lakini mle ndani kila nyumba imefagiliwa,
na huzuni imepangiwa taa.

Baba katutoka mwezi wa Rajabu.
Baada ya hitima, sini zimeshaoshwa,
Echati akafungua kompyuta juu ya cherehani
kwa kuwa meza nyengine hatuna.
Tukautazama mguu.
Mama akasema ile ilikuwa kanzu ya arusi.
Ya nani? Hakumbuki.
Kitambaa kinapanda, kinateremka,
imebaki shubiri moja ya ukosi, pengine pungufu,
na picha inakatika.

"Mbona umekata hapa?" nikamuuliza.

"Sikukata. Kadi ilijaa."

Mama akasema: irudishe mwanzo.
Kandambili ikachomoka tena.