Mikono ni ya Kuchumia

Aliniletea pikipiki, mimi fundi wa makochi,
akaisimamisha mlangoni kwangu Machomane
kama mtu aliyempeleka farasi kwa mshona kanzu.
Nyekundu, kichwa chini, makalio juu,
imeshuka bandarini Mkoani na maandishi ya Kijapani ubavuni
ambayo hata Shaame mwenyewe hajui
yanamsifu au yanamtukana.

"Bi Mize," kasema, "breki zake kali mno.
Nikizibana, yeye husimama, mimi huendelea."
Akanionyesha viganja vimeiva wekundu,
vifundo vya mikono kavifunga kwa kipande cha khanga ya mkewe.
Pale pengine panapogongana na tangi
hakunionyesha, nami sikuuliza.
Alikalia kochi langu upande mmoja. Nikaelewa.

Mafundi wa gereji walishampa dawa zao:
mmoja kaunyanyua usukani vidole viwili,
mmoja kakaza shokapu za mbele
hadi kila kishimo kikapanda mpaka menoni,
wa tatu kamwambia apunguze mwendo,
na huyo ndiye asiyelipwa.

Mimi pikipiki siijui. Najua kukalisha watu.
"Panda," nikamwambia. Mwanangu Hidaya kaishika nyuma.
"Haya, jifanye umefunga breki."
Nikamsukuma mgongoni, viganja viwili, kwa nguvu.
Tele! Kama sabuni juu ya sahani,
akaishia tangini, mikono imekakamaa
inabeba kiwiliwili kizima na helmeti yake.
Kiti kimekatwa mteremko, ngozi yake inang'aa:
kiti cha kutazamwa, si cha kukaliwa.

Hapo ukanijia mkarafuu wa Vitongoji.
Nina miaka kumi na mbili, pakacha kiunoni,
nimelikumbatia tawi kwa mikono yote
na sijachuma hata kikonyo kimoja.
Mama mdogo Time yuko chini, ananipigia kelele:
"We mtoto! Mikono ni ya kuchumia!
Mti unashikwa kwa mapaja!"
Nikabana. Tawi likatulia, au mimi ndiye niliyetulia.
Vidole vikawa vyepesi, vikaanza kazi.

"Yakhe," nikamwambia Shaame, "wewe unaning'inia."

Nikakata mpira wa ndani wa tairi la lori,
vipande viwili, kila kimoja kama unyayo wa mtu mzima,
nikavikwaruza kwa msasa, nikavipaka gundi,
nikavibandika huku na huku ubavuni mwa tangi,
pale goti linapotafuta pa kuegemea.
Kiti nikakivua nguo. Nikakijaza sponji mbele,
nikakiinua kidogo, kidogo tu,
kama unavyoinua kichwa cha mtoto anayenyonya,
nikakivika kitambaa kikavu kisichopenda kuteleza.
Akauliza bei. Kajaribu kwanza, nikasema.

Ulikuwa msimu. Kushuka kuelekea Mtambile
karafuu zimeanikwa mpaka juu ya lami,
jamvi kwa jamvi, huoni barabara inakoishia.
Katikati ya harufu ile kikainuka kitoto
kilichokuwa kimechuchumaa kikichambua vikonyo.

"Nilibana mapaja kabla ya vidole," akanisimulia.
"Pikipiki ikainamisha pua, nikasema leo naruka.
Siruki! Nimo kitini, Bi Mize,
na mikono inafanya kazi yake tu, breki, basi."
Alisimama hatua tatu kabla ya jamvi.
Kitoto kikamtazama, kikapiga makofi,
kikasema: "Tena!"

Alirudi kunilipa jioni ya pili,
anatembea kama bata.
"Viganja vimepona. Sasa yaniuma mapaja."
"Yatazoea," nikasema. "Mpemba mzima,
umesahau kupanda mti?"
Akacheka, akaiwasha, mtaa wote ukajua.

Kipande cha mpira kilichobaki nimekiweka dirishani.
Hidaya anauliza cha nini.
Sijui bado.