Kibarua cha Usiku

Nyanzala wa kidato cha tatu
kaniuliza swali kengele ikilia,
mkononi mwangu imebaki chaki ya ncha ya kidole:
"Mwalimu, gigi ni nini?
Redioni wanasema msanii Jumamosi ana gigi."
Nikamjibu: onyesho. Shoo. Dansi.
Akaandika.
Mimi ndiye sikuridhika.

Jioni, nyumbani Isevya, nikafungua kamusi ya Kiingereza,
ile nene iliyoliwa na mchwa mpaka herufi ya tatu.
Gigi ilikuwa salama.
Zamani, inasema, ilikuwa pia,
pia ya watoto, izungukayo mpaka ilewe.
Baadaye kigari cha farasi, magurudumu mawili.
Baadaye mashua nyembamba ya makasia.
Na ya muziki?
Hapo kamusi ikakohoa
kama karani asiyeliona faili lako:
wapiga jazi wa Marekani walilisema,
yapata miaka mia; asili haijulikani.

Nikacheka peke yangu na taa.
Neno limezunguka dunia nzima
na halina cheti cha kuzaliwa.

Baba hakuwahi kusema gigi.
Wala dansi, wala onyesho.
Ijumaa alasiri, pasi ya mkaa ikitema cheche
juu ya suruali yake ya rangi ya maziwa,
alisema tu: "Kalunde, leo nina kibarua."
Mchana kutwa stesheni
akihesabu magunia ya tumbaku: hiyo aliiita kazi.
Usiku, gitaa la besi begani: kibarua.
Nilichukia.
Kibarua ni kumlimia mtu karanga zake,
ni kubeba tofali kichwani kwa ujira wa sahani ya ugali.
Shuleni wananiambia baba yako nyota,
nyumbani nyota inaomba sabuni ikaoshe kola.

Arobaini ilipopita tukafungua sanduku.
Nyuzi za besi zilizokatika, zimejikunja
kama nyoka waliofia usingizini.
Chini yake bahasha ya kaki,
na ndani ya bahasha, vipande vya maboksi ya sigara,
mwandiko wa kiongozi wa bendi, wino wa buluu:

Mihayo, usiku mmoja, Urambo. Shilingi ishirini.
Mihayo, usiku mmoja, Sikonge, arusi. Kumi na tano na nusu debe la asali.
Mihayo, Nzega. Mvua. Hakuna kitu.

Hesabu yangu ilikoma kwenye mia mbili na kumi.

Kamusi ya kwetu haikukohoa.
Kibarua: barua ndogo.
Kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa
akionyeshe jioni, alipwe.
Kisha jina likahama karatasini
likaingia mwilini mwa aliyeishika.
Kumbe baba alikuwa anasema neno kamili,
ni mimi niliyelisikia nusu.

Kimoja hakikuwa na shilingi.
Mihayo, ukumbi wa reli, Tabora. Bure.
Mama akakichukua, akakisogeza mbali na macho,
miwani yake iko paji la usoni.
"Huu usiku naujua.
Waya wa spika ulikuwa mfupi,
akatupa mgongo mpaka asubuhi.
Wenzangu wakamtazama mwimbaji.
Mimi nikaolewa na mgongo."
Akakitia kwenye pindo la kanga, akafunga fundo,
akaenda kugeuza maharage.

Jumatatu nikamwita Nyanzala.
Chini ya shoo, chini ya dansi, nikamwambia, ongeza:
barua ndogo, ya usiku mmoja,
mwenye nayo huitwa kwa jina lake,
na pengine hailipwi.
Kalamu ikasimama hewani.
"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"