Swali la Kumi na Nne

Ruzuku ilikwisha mwezi wa Machi,
kama chumvi inavyokwisha: hujui
mpaka mchuzi umeshafika mezani.
Walioajiriwa kukiandika wakahamia kazi nyingine.
Kitabu kikabaki. Hesabu za dozi kwa wauguzi,
kurasa mia mbili na sita, bure kwa yeyote.
Na bure, tulikuja kujua, hula kila siku.

Nilikutana nacho Dundee, kituo cha basi cha Hilltown,
mvua ya ubavuni ikipiga kioo cha simu.
Nilikuwa natoka zamu ya usiku, kuogesha wazee wa watu,
na mtihani Jumatatu.
Swali la kumi na nne: jawabu lao miligramu tano,
langu nusu.
Nikalirudia mara tatu, nikijiona mjinga.
Mara ya nne nikaona mjinga si mimi.

Nikawaandikia kwa adabu ya mgeni,
samahani mbili kabla ya hodi.
Akajibu Eilidh, mfamasia mstaafu:
"Umesema kweli. Rekebisha wewe.
Mlango haujafungwa."

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Mimi nilipewa siku hiyo hiyo,
na jembe lenyewe nukta:
nikaisogeza hatua moja kushoto,
na mgonjwa nisiyemjua, huenda hajazaliwa,
akaepushwa na sumu.

Tangu hapo ni Alhamisi, maktaba ya mtaa,
meza iliyo karibu na hita.
Przemek hugomba: kwao desimali huandikwa kwa mkato.
Jioni nzima tulibishana juu ya alama
ndogo kuliko jicho la sisimizi,
kwa kuwa sote tumeshaona wodini
alama hiyo inavyoweza kuua.
Nyaradzo aliwafuta wagonjwa wote walioitwa John,
akawapa majina kama wodi ilivyo.
Eilidh huja na biskuti za siagi
na kalamu nyekundu asiyoitumia.

Si kila wiki tunatimia. Kuna Alhamisi ya Januari
nilikuwa peke yangu, hita imekufa,
nikasoma sura ya dripu kwa sauti
ili kitabu kisidhani kimeachwa.

Cha wote, watu husema, hakina mwenyewe.
Labda.
Ila nimeona cha mtu mmoja
kikizikwa naye, ufunguo mfukoni.

Jana umefika ujumbe, mji siujui,
samahani tatu, kisha:
ukurasa wa tisini, matone kwa dakika,
mmegawanya pa kuzidisha.
Nikatafuta nani aliuandika ukurasa ule.
Mimi.
Nikacheka mpaka mkutubi akainua nyusi.
Nikavuta kiti, nikajibu:

"Umesema kweli. Rekebisha wewe.
Mlango haujafungwa.
Ukipita huku Alhamisi, kuna biskuti."